Mazoezi ya nyumbani yanayoongozwa na simu kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho

Binti wa Tanga

Wanajukwaa, salaam. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 64, aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mapema mwaka huu. Anapata tibakemikali, au kemo kama wengi tunavyoiita, kila baada ya siku 14 huko Dar es Salaam, kisha hurudi nyumbani Tanga. Amepungua kilo 11, mapaja yamelegea, na sasa hawezi kuinuka kitini bila kujishika.

Kaka yangu amemwekea kwenye simu programu ya mazoezi inayohesabu hatua na kuonyesha video, na kila asubuhi humtaka afanye zaidi ya jana. Baba ni mwalimu mstaafu. Kazi akishapewa haiachi njiani. Juzi, ikiwa ni siku ya tatu baada ya dawa, alizunguka ua hadi akatimiza hatua alizoagizwa, kisha akalala mpaka magharibi bila kula. Mama anasema mgonjwa aachwe apumzike, kaka anasema akilala misuli itakwisha. Je, mazoezi ya namna hii yanamfaa, na yapangwe vipi kwa mtu aliye mbali na hospitali?

Mtaalamu wa Viungo, Moshi

Pole sana dada, na umfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kuhusu misuli, kaka yako yuko sahihi. Saratani hii huufanya mwili uteketeze misuli yake wenyewe, na kongosho likishindwa kutoa vimeng'enya vya kutosha, chakula hupita tumboni bila kusagwa vizuri; kwa hiyo mgonjwa anayelala muda wote hudhoofika haraka zaidi. Lakini kwa jinsi ulivyoieleza, programu hiyo inaelekea kutengenezwa kwa ajili ya watu wenye afya. Haijui kwamba siku chache baada ya dawa nguvu hushuka, na mpango usioweza kushuka pamoja nazo humwumiza mgonjwa, hasa mwenye bidii kama mzee wetu.

Huko Houston, Marekani, hospitali ya MD Anderson iliwapa wagonjwa waliokuwa wakiandaliwa kwa upasuaji wa kongosho mpango wa kufanyia nyumbani: angalau dakika 60 za kutembea au zoezi linalofanana na hilo, na dakika 60 za mazoezi ya nguvu, kwa wiki nzima wala si kwa siku. Hao walikuwa wakitarajia kupasuliwa, kwa hiyo baba anaweza kuanza chini ya hapo. Ninayoyapa uzito zaidi ni ya nguvu: kuinuka kitini na kukaa polepole, kusukuma ukuta kwa mikono, na kuvuta kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye mguu wa meza nzito. Ajipimie jitihada kutoka 0 hadi 10. Siku njema afike 4 au 5 akiwa bado anaweza kuzungumza bila kuhema, na siku za dawa abaki 2, au aache kabisa.

Kabla ya kuanza, mwulizeni daktari wake kuhusu wingi wa damu na chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mguu mmoja kuvimba: hapo hakuna mazoezi, ni hospitali.

Muuguzi Ughaibuni

Naongezea kutoka Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi. Watafiti wa Heidelberg walichapisha mwaka 2019 matokeo ya mazoezi ya nguvu kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho, mara mbili kwa wiki kwa miezi 6. Wengine walisimamiwa na mkufunzi, wengine walifanyia nyumbani, na waliosimamiwa ndio walioongeza nguvu kwa uwazi zaidi. Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya simu: kumleta msimamizi nyumbani. Video iliyorekodiwa haioni kwamba goti linatetemeka. Ombeni mtaalamu awapigie kwa WhatsApp ya video mara moja kwa wiki, simu ikiwa imeegemezwa mahali ambapo mwili wote wa mzee unaonekana, na siku nyingine mtumieni ujumbe mfupi wa sauti.

Mama wa Mombasa

Mwanangu, nilimuuguza marehemu mume wangu kwa ugonjwa huu huu. Mazoezi hayakumponya, lakini yalimwezesha kwenda msalani mwenyewe mpaka wiki zake za mwisho, na kwake hilo lilikuwa heshima kubwa. Angalieni chakula kwanza. Kama choo ni cha mafuta na kinaelea, mwulizeni daktari kuhusu vidonge vya vimeng'enya, ambavyo humezwa pamoja na mlo. Mume wangu alipata na kisukari kwa sababu ya kongosho, hivyo hatukuanza zoezi kabla hajala, na maji ya sukari yalikuwa karibu endapo sukari mwilini ingeshuka. Tena avae viatu vilivyomkaa vizuri, maana baadhi ya dawa hizo hutia nyayo ganzi.

Binti wa Tanga

Ahsanteni sana. Ile programu tumeiondoa, na kaka amekubali kutafuta mtaalamu wa kutupigia. Ila mliposema mguu kuvimba nimekwenda kumtazama baba. Shavu la mguu wa kushoto ni nene kuliko la kulia na linauma likiguswa. Yeye anadhani ni uchovu wa ile siku ya kutembea. Tusubiri kliniki ya Jumatatu?

Mtaalamu wa Viungo, Moshi

Dada, msisubiri. Saratani ya kongosho ni miongoni mwa zile zinazogandisha damu mishipani kwa wingi zaidi, na donge likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Mpelekeni leo hii hospitali iliyo karibu, semeni mapema kwamba ana saratani na yuko kwenye kemo, na ombeni mguu upimwe kwa mawimbi ya sauti (ultrasound). Msiukande wala kuuchua.

Binti wa Tanga

Tumo garini. Nitaandika tukishaonwa.