Kapsuli za kahawa zinajaza ndoo ya taka, nyie mnazifanyaje?

MamaWawili
Wadau habari zenu. Nyumbani tuna ile mashine ya kahawa ya kapsuli, vile vikopo vidogo vya alumini vyenye kahawa ya kikombe kimoja. Mzee aliletewa zawadi na hataki hata kusikia habari ya kuiondoa. Na mimi nisijifanye mtakatifu, nakunywa, tena naipenda. Shida yangu ni ndoo. Tuko wawili, kila mmoja vikombe viwili kwa siku. Pigeni hesabu: kapsuli 1,460 kwa mwaka, bado wageni hawajabisha hodi.

Huwa naziweka pamoja na makopo na chupa, zikarejelezwe. Sasa kuna mtu anafanya kazi kwenye kituo cha kuchambua taka kaniambia nyingi hazifiki popote. Kweli? Na zile zinazoandikwa kuwa zinaoza, ndiyo dawa yenyewe? Tafadhali msiniambie tuache kahawa. Jibu hilo nilishampelekea mwenye mashine, likagonga mwamba.

FundiBomba
Dada, huyo mtu hajakudanganya. Vituo vingi hupitisha taka kwenye chekecheke kubwa linalozunguka, na vitu vidogo hudondokea chini pamoja na vigae na uchafu. Kapsuli inapita hapo bila hodi. Hata ikiokotwa, alumini yake ni kama gramu moja tu, wakati ndani kulikuwa na kahawa gramu tano au sita ambazo sasa zimelowa. Mtambo unapokea machicha mengi na alumini kidogo. Za plastiki zina matatizo zaidi: kikombe ni plastiki, mfuniko ni foili, na nyingine zina chujio la karatasi lililogandishwa ndani. Nani akae kuvichambua?

Watengenezaji wengine wanapokea kapsuli zao wenyewe zilizotumika. Kama huduma hiyo unaifikia, itumie, kwa sababu kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika hula takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza mpya kutoka kwenye madini. Kutupa alumini ni hasara ya kijinga.

Hizo za kuoza, soma maandishi madogo. Nyingi zimepimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13432, ambacho ni cha mitambo ya kutengeneza mboji yenye joto kali linalodumu kwa wiki nyingi. Lundo lako la nyuma ya nyumba mara chache hufika huko, na likifika halidumu. Tafuta iliyothibitishwa kwa mboji ya nyumbani, la sivyo utakuja kuikuta ardhini bado ina umbo lake.

Mimi natumia kapsuli ya chuma cha pua ya kujaza mwenyewe. Mashine ni ileile, kitufe kilekile, mzee hatalalamika. Kazi iko kwenye kujaza. Unga usagwe hadi ukiusugua vidoleni uwe kama chumvi laini ya mezani. Ukizidi ulaini, pampu inanguruma na kahawa inadondoka tone moja moja. Ukiwa wa chembe kubwa, maji yanapita mbio na kahawa inakuwa chapwe. Jaza hadi chini kidogo ya ukingo, gandamiza kwa mgongo wa kijiko bila kutumia nguvu, kisha futa ukingo kwa kidole. Hapo kwenye kufuta usifanye haraka: punje chache zikibaki, mfuniko haukai sawasawa, maji yanapita pembeni, halafu watu wanailaumu kapsuli. Hakikisha pia ni ya aina ya mashine yenu, maana maumbo hayaingiliani, na angalia masharti ya dhamana kabla hujanunua.

Mbishi_wa_Kudumu
Mimi nitaharibu sherehe. Mzigo mkubwa wa kahawa kwa mazingira unaanzia shambani, na kapsuli inatumia kahawa kidogo iliyopimwa. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Québec, Kanada, walionyesha kwamba kahawa ya chujio, mtu akimwaga unga na maji kupita kiasi, inaweza kuchafua hewa kuliko ya kapsuli. Kwa hiyo anayehamia kwenye birika lililojaa na kumwaga nusu kwenye sinki asijisifu.

FundiBomba
Mkuu, hilo nakubali, ndiyo maana nimesema gramu tano au sita, sikusema kijiko cha kujaza kwa macho. Ila dada kauliza habari ya ndoo, na ndoo haipimi hewa. Jiji la Hamburg mwaka 2016 lilizuia fedha za umma kununulia kahawa ya kapsuli kwa sababu hiyohiyo ya taka. Na John Sylvan, aliyebuni K-Cup, kapsuli ya plastiki ya kahawa, aliliambia jarida la The Atlantic mwaka 2015 kwamba wakati mwingine anajutia alichofanya. Alisema hata yeye mwenyewe hana mashine ya kapsuli hizo nyumbani!

Kikombe_Kimoja
Birika la moka, lile dogo la kupikia kahawa juu ya jiko, jamani. Lipo tangu 1933, halina karatasi wala kapsuli. Linabakiza machicha tu.

MamaWawili
Kaka, moka nalijua, lakini mzee anataka kubonyeza kitufe huku macho yamefumba. Nitajaribu ya chuma. Maswali mawili kwa Fundi: ule mpira wa duara wa kuzibia kapsuli ya chuma unakaa muda gani? Na machicha nimwage tu kwenye maua?

FundiBomba
Mpira inategemea matumizi. Ukiona maji yanavuja pembeni na ukingo ni msafi, badilisha huo mpira, usibadilishe kapsuli. Osha kapsuli palepale ikishapoa kidogo, mafuta ya kahawa yakikauka kwenye vile vitundu utahitaji sindano kuvizibua. Machicha usirundike juu ya udongo, yakikauka yanafanya gamba linalozuia maji kuzama. Changanya na majani makavu kwenye lundo la mboji.

Na kapsuli zenu zilizobaki msizitupe, zimalizeni kwanza. Nunua za chuma mbili, moja yako na moja ya mzee, maana asubuhi hakuna atakayekubali kusubiri mwenzake aoshe.