Naomba ushauri: shingo ya blauzi ya Halloween haitaki kulala

Mafundi wenzangu, habari za kazi, na wakubwa shikamooni. Naomba msaada kabla ya tarehe 31 Oktoba. Mtoto ataivaa jioni hiyo ya sikukuu ya Halloween, watoto wakizunguka kuomba peremende hapa Marekani.

Ni blauzi ya mtoto wa miaka 8, kitambaa cha jezi ya pamba kinachovutika, rangi ya chungwa. Kifuani ina uso wa boga: macho ya pembetatu na mdomo wenye meno, vyote vya felti nyeusi (kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa). Cherehani ni ya kawaida, sina ovaloki (mashine ya kumalizia kingo). Nimetumia sindano ya jezi namba 90/14 na mshono wa zigizaga.

Duara la shingo ni sm 44, nami nikakata ukanda wa kuizungushia wa sm 42. Ukasimama mbali na shingo, umejaa mawimbi. Nimefumua na kupiga pasi ya mvuke, jezi ikarudi kiasi. Felti nayo haivutiki, kwa hiyo kitambaa kimejikunyata kwenye ncha za meno, hata baada ya kulegeza mkandamizo wa mguu wa cherehani.

Ukanda niupunguze hadi sm 37, au hata 35? Na nyuma ya felti niweke karatasi ya kuchana baadaye, au kitambaa cha gundi cha kupigia pasi?

Ahsanteni sana.