Mdogo wangu kaacha unga, leo siku ya tatu: hii ni arosto tu (mwili kudai unga) au kuna ugonjwa mwingine?

Dada_wa_Mbagala:
Wakuu, habari za usiku. Mdogo wangu ana miaka 27, anavuta unga (heroini) mwaka wa nne sasa. Ijumaa mchana kaniambia mwenyewe, "Dada, nifungie chumbani." Nikamfungia. Usiku uleule ikaanza miayo mfululizo, machozi na kamasi vinamtoka na mafua hana. Jumamosi ngozi ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Leo anaharisha, anatapika, anarusha mateke usingizini hadi godoro limehama. Mama anasema mashetani. Mjomba anasema anajifanyisha ili tumpe hela. Mimi najiuliza: unga si ameacha, sasa kinachomtesa ni nini?

Fundi_Friji:
Pole sana dada. Hajifanyishi. Mimi nimekula unga miaka tisa, sasa mwaka wa sita niko kwenye methadoni, ile dawa ya hospitali ya kutibu uraibu wa unga. Asubuhi nakunywa kikombe changu mbele ya nesi, halafu huyo kwenye mafriji ya watu. Swali lako nilimuuliza daktari, akanichorea nyuma ya kadi yangu.

Ubongo una dawa yake wenyewe ya maumivu, endofini. Unga unakalia viti vilevile vya endofini, ila unakuja na ukoo mzima. Sasa kwenye shina la ubongo, juu ya shingo huku, kuna kifundo kidogo cha seli kinachomwaga noradrenalini, ile kemikali ya kukuweka macho na kuukimbiza moyo. Unga unakizima.

Umeshaenda kigodoro? Spika zikifunguliwa, unaongea na jirani yako kwa kupayuka. Zile seli hufanya hivyohivyo: unga kila siku, nazo kila siku zinapandisha sauti ili zisikike. Ndiyo maana kete moja huwa tano, na hulewi, unakula ili uweze kuamka tu. Ukiacha ni kama DJ kazima muziki ghafla. Ukumbi kimya, wewe bado unapayuka. Huko kupayuka ndiko arosto. Tumboni nako kuna viti hivyohivyo. Unga ulikuwa umemfunga choo miaka yote hiyo, sasa breki imeachiwa.

Mjomba mwambie amwangalie macho. Alipokuwa amekula, mboni zilikuwa nukta. Sasa hivi zitakuwa zimetanuka. Mtu anaweza kuigiza kulia, mboni haziigizwi.

Mzee_wa_Hoja:
Methadoni si unga wa serikali tu? Mmetoka kwa pusha mmehamia kwa nesi.

Fundi_Friji:
Mzee, viti ni vilevile, sikatai. Tofauti ni mwendo. Unga unapanda kwa fujo, saa chache umeshashuka, unaanza kutafuta simu ya kuiba. Methadoni inapanda taratibu na inashika kama siku nzima. Muziki wa chini kutwa, hakuna anayepayuka. Nina wateja, nina mtoto darasa la pili. Kwa pusha sikuwa na hata kandambili.

Mfamasia_Usiku:
Dada, siku ya pili na ya tatu ndizo kilele, baada ya wiki moja hivi mwili unatulia. Mpe ORS kidogokidogo. Akishindwa kabisa kubakiza maji tumboni, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na ni bure. Akianza, aseme kama anatumia dawa za TB: rifampisini hulifanya ini liimalize methadoni haraka, arosto ikamrudia katikati ya siku.

Fundi_Friji:
Nyongeza moja, nisamehe kwa kuwa ni nzito. Wiki ikiisha atakula, atalala, mtafurahi. Lakini dopamini, kemikali ya raha kwenye ubongo, bado iko chini, hata chai haitakuwa na raha kwa miezi. Hapo ndipo wengi tunarudi. Na mwili unakuwa umeshasahau kile kipimo cha zamani. Mshikaji wangu alitoka jela baada ya miezi mitatu, akajidunga kama alivyozoea. Pumzi ilikata. Tulimkuta chooni, bomba bado liko mkononi. Msimwache peke yake.

Dada_wa_Mbagala:
Nimemmulika na tochi ya simu. Mboni kama za paka gizani. Mjomba kachungulia, hakusema neno, kaenda kununua ORS. Kesho asubuhi Temeke, inshallah, ila kwanza tulisogeze godoro, limeziba mlango.