Naomba ushauri: Bibi amechanganyikiwa ghafla, ndugu wanasema ni uzee tu

Wakuu habari zenu. Bibi yangu yuko Tukuyu, ana miaka 81. Usahaulifu anao muda mrefu, anarudia maswali na kuchanganya majina ya wajukuu. Hilo tulishalizoea. Ila tangu juzi amebadilika kabisa. Asubuhi anaongea vizuri, jioni anamwita marehemu babu aje atoe ng'ombe kwenye migomba, na anang'ang'ania kutoka nje na baridi hii. Mchana analala tu, ukimsemesha anapotea katikati ya maneno.

Ninavyojua, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huja taratibu, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huwa na chanzo chake: UTI, nimonia, upungufu wa maji, sukari kushuka, hata dawa. Na kweli maji hanywi, tena alikuwa anameza Piriton za mafua, ambazo kwa wazee zinaweza kuvuruga akili.

Nimesisitiza apelekwe hospitali leo leo. Wajomba wanasema ni uzee, shangazi anataja kurogwa. Naumia sana.

Niwaambie nini wakubali? Na aliyewahi kuuguza mzee wa hivi wodini, ulimtulizaje usiku bila kumfunga kitandani?