Karata na matembezi ya nchi kavu katika meli ya kitalii: naomba ushauri kwa ajili ya mzee

Mkazi wa Mikindani
Ndugu zangu, habari za kwenu. Mdogo wangu anayefanya kazi Durban amemlipia baba yetu nafasi katika meli ya kitalii itakayotoka huko, ipite Pomene na Ilha dos Portugueses nchini Msumbiji, kisha irejee. Kwa kuwa Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Afrika Kusini wala ya Msumbiji, upande wa nyaraka hautusumbui. Kinachotusumbua ni kwamba mzee ni mtu wa karata, ambaye baada ya swala ya alasiri humkosi barazani, naye anauliza kama karata za melini ni kamari tu, maana kamari hataki hata kuisogelea. Aidha, ameletewa orodha ya matembezi ya nchi kavu, kila moja na bei yake, ilhali magoti yake hayamruhusu tena mwendo mrefu. Je, ayalipie, au ashuke mwenyewe?

Baharia mstaafu, Lindi
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Kamari ya melini ina chumba chake, nacho ni kasino, ambayo kwa kawaida hufungwa meli inapokuwa bandarini na hufunguliwa ikiwa imeingia bahari kuu. Mbali na hapo, meli nyingi za aina hiyo zina chumba cha michezo au maktaba yenye meza ambapo abiria hucheza bila kuweka hata senti moja, na siku za kukaa baharini kutwa nzima meza hizo hujaa mapema.

Shida atakayoipata mzee ni wenzake wa kucheza nao. Wazungu wengi wa umri wake hucheza bridge au rami, wala hawaujui mchezo wetu wa turufu ambao seti (karata ya saba) inamla mzungu wa nne (mfalme). Achukue pakiti yake mwenyewe, aondoe nane, tisa na kumi zibaki karata 40, kisha awafundishe. Mreno au mtu wa Msumbiji atauelewa mara moja, kwa kuwa michezo ya kwao ya bisca na sueca nayo huhesabu ree (karata ya moja) kwa 11 na seti kwa 10, na pointi zote zikijumlishwa ni 120. Asichezee sitaha ya juu, kwa sababu upepo wa kule utampokonya kopa na shupaza zote. Akianza kusikia kichefuchefu, aziweke karata chini, atazame upeo wa bahari, na ahamie sehemu ya katikati ya meli kwenye ghorofa za chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

Kiongozi wa watalii, Kilwa Masoko
Mimi huwapokea abiria wa meli ndogo za kitalii zinapotia nanga hapa kwetu, kwa hiyo nitasema nilivyoona nikiwa upande wa nchi kavu. Mgeni huona jina la Husuni Kubwa, magofu ya kasri la kale la Kilwa Kisiwani, katika orodha, akasoma kwamba msafiri wa kale Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kwamba magofu haya yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, akalipa pasipo kuuliza kama kuna kupanda na kushuka botini, kama njia ina kivuli, na kutoka Msikiti Mkuu hadi huko Husuni anatembea kiasi gani. Akifika kwenye Gereza, yaani ile ngome ya kale, amekwishachoka, na mengine yote anayaona kwa kuhadithiwa. Kwa hiyo mzee asichague kwa umaarufu wa mahali; achague kwa magoti yake.

Ilha dos Portugueses ni kisiwa kidogo kisicho na wakazi, jirani na kisiwa cha Inhaca, na abiria huteremshwa kwa boti ndogo. Sioni sababu ya kulipia matembezi mahali ambapo ufuko wenyewe ndio ziara. Lakini boti hizo hazishindani na bahari: mawimbi yakizidi, nahodha hufuta ushukaji, na hilo mzee alijue kabla hajavunjika moyo.

Binti wa Shangani, Mtwara
Nakubaliana na kaka wa Kilwa kwa kisiwa hicho, ila kwa bandari yenye mji ningemshauri mzee anunue matembezi ya meli, ingawa ni ghali zaidi. Kundi lililopelekwa na meli likichelewa, meli kwa kawaida hulisubiri. Aliyekodi teksi yake akichelewa huachwa, na nauli ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata ni juu yake.

Mwekeeni pia saa yake sawa. Durban na Msumbiji ziko nyuma yetu kwa saa moja, na ratiba ya meli huandikwa kwa tarakimu za kizungu, kwa hiyo 16:00 ndiyo saa kumi ya jioni, tena saa kumi ya meli, wala si ya Mikindani. Muda wa mwisho wa kurudi hutangulia ule wa kung’oa nanga, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi.

Mkazi wa Mikindani
Nashukuru sana. Nimemsomea yote, naye amekubali kuacha matembezi ya kisiwani na kushuka ufukweni tu. Sasa anauliza kama kadi ya chumba inatosha anaposhuka, au abebe na pasipoti.

Baharia mstaafu, Lindi
Kadi hiyo ya chumba ni lazima, kwa sababu hiyo ndiyo inayoskaniwa anapotoka na anaporudi. Kuhusu pasipoti, baadhi ya meli huzishika zenyewe hadi mwisho wa safari, kwa hiyo aulize mapokezi usiku wa kuamkia bandari, na abaki na nakala yake mfukoni.