Kipimo cha mpox kuandikwa "hasi" kwenye tawi la I: je, virusi havikuwepo, au kipimo ndicho kilichovikosa?

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Salamu kwenu nyote, hasa ninyi mnaofanya kazi maabara. Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, na kuna jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tulimpokea kijana mchimbaji wa dhahabu aliyetoka Kamituga. Alikuwa na homa, tezi zilizovimba kinenani, na malengelenge magumu yenye kibonyeo katikati, machache usoni na mengi sehemu za siri. Majibu yaliporudi, karatasi ilikuwa na mistari miwili: wa kwanza ulisema kwamba virusi vya jamii ya orthopox (jamii ya ndui na mpox) vimeonekana; wa pili, uliohusu mpox ya tawi la I (moja ya koo mbili kuu za virusi vya mpox), uliandikwa hasi. Aliyekuwa zamu aliusoma mstari wa pili peke yake, akamruhusu kijana arudi nyumbani, mahali ambapo watu saba hulala katika vyumba viwili. Wiki mbili baadaye mke wake alikuja kwetu na vidonda vilevile, akiwa amembeba mtoto mwenye vidonda pia.

Sisi tulifundishwa kwamba mpox ya Kongo ni ya tawi la I. Iliwezekanaje basi kipimo cha tawi hilo kitoe hasi? Mashine iliharibika, sampuli ilioza njiani, au virusi vyenyewe vilikuwa vingine? Nauliza sasa kwa sababu wiki hii nina mtoto wa miaka minne ambaye mjomba wake alithibitishwa kuwa na mpox, ana vipele hadi viganjani, lakini karatasi yake ni hasi kwenye mistari yote.

Fundi_Maabara_Goma

Dada yangu, kwa kijana wa Kamituga mashine haikuharibika na sampuli haikuoza. Mstari wa kwanza ndio ushahidi, kwa maana sampuli ingeharibika, hata orthopox isingeonekana. Kilichotokea ni kwamba kipimo cha pili kilikuwa kinatafuta kitu ambacho virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kukipoteza.

PCR, yaani aina ya kipimo kilichotumika hapo, haitazami virusi vizima. Jenomu ya virusi vya mpox ni DNA yenye jozi za herufi zipatazo 197,000, na PCR huchagua kipande kidogo sana ndani yake, kisha hutegemea vipande vifupi vya DNA vinavyoitwa praima vishike mwanzo na mwisho wa kipande hicho. Vikishika, kipande hurudufiwa tena na tena na mchoro kwenye skrini hupanda. Visiposhika, mizunguko 40 hupita na mchoro umelala. Ni kama mtu aliyeelekezwa nyumba huko Kadutu kwa alama ya mparachichi ulio mlangoni: mti ukikatwa, atapita mbele ya nyumba hiyo mara kumi, kisha arudi kusema kwamba haipo.

Mparachichi wa tawi la I ulikuwa jeni linaloitwa C3L, ambalo maandishi mengine huliita D14L au OPG032. Lilichaguliwa kwa sababu nzuri: tawi la I lilikuwa nalo, tawi la II la Afrika Magharibi halina, kwa hiyo lilitosha kuyatenganisha. Watafiti waliposoma jenomu za virusi vya Kamituga na kutangaza matokeo yao mwaka 2024, walikuta kipande cha jozi zaidi ya elfu moja kimefutika, na jeni hilo limekwenda nacho. Jenomu iliyobaki bado ilivionyesha kuwa wa ukoo wa tawi la I, ila vilikuwa vimejitenga vya kutosha kupewa jina lao, tawi Ib, na vile tulivyovizoea vikaitwa Ia.

Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu mstari wa kwanza pekee ulitosha kumzuia kijana yule. Ndui ya binadamu, ambayo nayo ni ya jamii ya orthopox, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Mtu mwenye vidonda vya aina hiyo hapa Kivu, akiwa na orthopox chanya, ahesabiwe ana mpox na atengwe, hata kama jina la tawi bado halijajulikana. Kipimo cha tawi ni cha kuwasaidia wanaofuatilia mlipuko. Hakikuwekwa ili kiamue nani alale wapi.

Mwanafunzi_Biolojia (Ibanda)

Yaya Muuguzi, naomba niongeze jambo moja, kwa kuwa jenomu hizo za Kamituga zilieleza pia namna ugonjwa ulivyokuwa unasafiri.

Ndani ya seli za binadamu kuna vimeng'enya vinavyoitwa APOBEC3, ambavyo ni sehemu ya ulinzi wetu. Vikiikuta DNA ya virusi inanakiliwa, hubadilisha herufi C kuwa U, nayo katika kunakiliwa husomwa kama T. Havichagui C yoyote ile: hupenda ile iliyotanguliwa na T, hivyo TC hugeuka TT, na kwenye uzi wa pili alama hiyo huonekana kama GA iliyogeuka AA. Virusi vingi huharibika kwa njia hiyo, lakini vinavyonusurika hubeba alama hizo kama makovu, na kila mtu anayeambukizwa anaweza kuongeza nyingine.

Virusi vya mpox kwa kawaida hubadilika polepole mno. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 kuhusu tawi la II lililosambaa kutoka Nigeria ulionyesha kwamba makovu ya APOBEC3 yaliongezeka kwa kadiri ya sita kwa mwaka, wakati makosa ya kawaida ya kunakili yangetoa badiliko moja tu kwa miaka mitatu hivi. Kwa hiyo mtu akisoma jenomu na kukuta mabadiliko mengi ni ya TC kwenda TT, anajua kwamba virusi vimekuwa vikipita kutoka binadamu hadi binadamu kwa mfululizo, si kwamba kila mgonjwa aliambukizwa porini na kindi au panya. Kamituga ndivyo walivyokuta. Nilipoelewa hilo ndipo nilipotambua kwa nini kuwaambia watu waache nyama ya porini peke yake kusingeuzuia mlipuko ule.

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Asanteni sana, wapendwa. Sasa naelewa kwamba karatasi haikusema uongo, ila sisi hatukujua inajibu swali gani. Naomba mnisaidie kwa mengine mawili. Je, kama virusi vimepoteza jeni zima, si vimedhoofika? Wenzangu wawili wanasema hivyo kituoni. Na chanjo, je, bado inafaa dhidi ya virusi vilivyobadilika?

Daktari_Mstaafu_Bagira

Binti yangu, waambie wenzako wasiharakishe. Ni kweli kwamba jeni lile hutengeneza protini inayozuia komplementi, yaani kikosi cha protini za damu zinazosaidia kuangamiza wavamizi, na kwamba tawi la II, ambalo huua watu wachache zaidi, halina jeni hilo. Ndiyo maana wengi walikimbilia kusema kwamba tawi Ib ni jepesi. Lakini virusi hivi vina jeni karibu mia mbili, na ukali wa ugonjwa haukai katika jeni moja. Isitoshe, Kamituga ugonjwa ulianza kwa watu wazima, wengi wakiambukizana kwa kujamiiana, wakati tawi Ia kwa miaka mingi limekuwa likiwapata watoto wa vijijini, baadhi yao wakiwa na utapiamlo. Ukilinganisha vifo vya makundi hayo mawili, unalinganisha pia umri, chakula na umbali wa kufika hospitali. Nimewaona watoto wa familia maskini wakiugua vibaya sana. Sitakubali mtu awaambie mama zao kwamba huu ni ugonjwa mwepesi.

Kuhusu chanjo, kupotea kwa jeni moja si sababu ya kuiogopa. Chanjo ya MVA-BN, ambayo utoaji wake katika nchi yetu ulianzia Goma tarehe 5 Oktoba 2024, imetengenezwa kutokana na virusi vya vaksinia, ndugu wa karibu wa mpox, na huufundisha mwili kutambua protini nyingi kwa pamoja. LC16m8 ya Japani hutokana na ukoo huohuo, nayo WHO iliiruhusu kwa matumizi ya dharura mwezi wa Novemba 2024, hata kwa watoto kuanzia umri wa mwaka mmoja.

Sasa turudi kwa mtoto wako, kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi. Hasi yake si ya aina ile ya kijana wa Kamituga. Tawi Ib halikwepi kipimo cha orthopox, kwa hiyo mistari yote ikiwa hasi, mimi kwanza nauliza ni kitu gani kilichowekwa ndani ya chupa. Virusi hivi hukaa kwa wingi mno kwenye vidonda, lakini ndani ya damu huwa vichache na hupita upesi. Damu iliyotolewa vipele vikiwa vimeshatoka inaweza kuwa hasi huku ngozi imejaa. Chukua usufi, usugue kwa nguvu vidonda viwili, au ng'oa gamba, uweke kwenye chupa kavu na uitie kwenye baridi ndani ya saa moja. Omba wapime tetekuwanga pia, maana magonjwa hayo mawili hufanana kwa watoto na wakati mwingine humpata mtoto mmoja kwa pamoja. Tazama daftari la sampuli, kisha utuambie.

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Nimetoka kulitazama, Daktari. Kwenye safu ya aina ya sampuli imeandikwa: "damu, bomba la kifuniko cha zambarau". Mwandiko ni wangu. Siku hiyo usufi ulikuwa umekwisha, na nilidhani damu ingetosha. Nimempigia mama yake simu, nikamwomba mtoto alale peke yake usiku wa leo. Wanafika kesho saa moja asubuhi, na anasema magamba mawili ya kiganjani bado hayajadondoka.