Tasnifu ya masters: utalii, kompyuta, ufadhili wa elimu au usimamizi wa wafanyakazi, ipi inamalizika?

Njiapanda22
Wakuu habari za humu. Nipo masters, naelekea kuandika proposali, na msimamizi kaniambia nichague mwenyewe kati ya maeneo manne maana programu yetu ni ya mseto: utalii, kompyuta, ufadhili wa elimu au usimamizi wa wafanyakazi. Nimesoma makala za kote huko na kila nikiamka nina topiki mpya. Sina hela ya kulipa wasaidizi wa kukusanya data, muda nilionao ni miezi 8, takwimu naelewa mpaka regresheni ya kawaida, Python naandika kwa kubahatisha. Naomba mnilinganishie kwa ukweli, sio zile za "chagua unachokipenda", mimi nimevipenda vyote vinne na ndio maana nimekwama.

Mama_Takwimu
Karibu mdogo wangu. Nianze na utalii maana ndiko nilikoumia. Watu wanauona mwepesi kwa sababu takwimu zipo, UN Tourism na Benki ya Dunia wanatoa idadi ya wageni kwa kila nchi, bure kabisa. Shida inaanza ukiuliza hiyo namba imehesabu nini. Mtalii kwa maana rasmi lazima alale walau usiku mmoja, akae chini ya mwaka, na asiwe amekuja kuajiriwa pale anapokwenda, wa kuja asubuhi na kurudi jioni anawekwa fungu lingine. Sasa nchi moja inahesabu mpakani, nyingine inahesabu kwenye nyumba za wageni, wewe unaziweka kwenye jedwali moja halafu unashangaa matokeo. Na ukitumia mfululizo wa miaka lazima ujue utafanya nini na 2020. 2019 dunia ilikuwa na safari za kimataifa takriban bilioni 1.46, mwaka uliofuata zikashuka kwa zaidi ya asilimia 70. Huo mwaka mmoja unaweza kupindua modeli yako yote.

Mchokozi
Si agawe tu dodoso kwa watalii uwanja wa ndege, fomula ya Yamane ya kujua uhoji watu wangapi, imeisha hiyo 😂

Mama_Takwimu
@Mchokozi ndio hayo hayo yaliyoniponza. Yamane kwa watu 1,000 na kosa la asilimia 5 inakupa 286, jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linakupa 278, watu wanabishana ipi bora wakati zote mbili zinadhani unayo orodha ya watu wote na unachagua kwa bahati nasibu. Orodha ya watalii unaitoa wapi? Unaishia kumpa dodoso aliyekaa bila haraka, mwenye haraka hujampata, na pengine huyo mwenye haraka ndiye aliyechukia safari yake. Mimi mtahini aliniuliza hilo swali moja tu, nikakaa kimya kama nimemwagiwa maji.

Fundi_Kodi
Kompyuta mkuu, wala usizunguke. Huombi kibali cha kuhoji mtu, seti za data zipo wazi tangu enzi, chuo cha UCI kule California wana hazina yao toka 1987, Kaggle ipo, makala unasoma bure arXiv. Unachukua data, unafundisha modeli mbili tatu, unalinganisha, unaandika. Miezi 8 ni mingi mno.

Mchokozi
Ndio zinapotoka zile tasnifu za "nimepata usahihi wa asilimia 99". Data ya utapeli ambayo miamala ya kitapeli ni 1 katika 100, hata ukiandika mstari mmoja wa code unaosema "sio utapeli" kila mara unapata hiyo 99 bila kujifunza chochote.

Fundi_Kodi
@Mchokozi hapo umenena, sikatai. Na kuna baya zaidi ya hilo, mtu anasafisha data yote kwa pamoja kisha ndio anagawa ya kufundishia na ya kupimia, modeli inakuwa imeshachungulia mtihani. Lakini hayo ni makosa ya mtu, sio ya fani. Ninachomuonya mwenye uzi ni kitu kingine: fani inakimbia. Unaanza na modeli mpya, unamaliza ikiwa ya zamani, na mtahini anakuuliza kwa nini hukutumia ile iliyotoka mwezi uliopita. Asishindane na wenye GPU mia, zile chipu za kufundishia modeli kubwa. Achukue tatizo dogo ambalo hakuna aliyelipima vizuri.

Mchokozi
Au afanye kama wengi, TAM ya Davis ya 1989, ile nadharia ya watu kukubali teknolojia, "mambo yanayoathiri watu kukubali mfumo wa nanihii", dodoso la Likert la "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa", aseme amefanya kompyuta 😅 Hiyo ni saikolojia iliyovaa laptopu.

ZamuYaUsiku
Nimefanya hiyo ya wafanyakazi, nikupe picha. Mada ni tamu, mlango ndio mgumu. Kampuni hazitoi data ya mahudhurio wala mishahara kwa mwanafunzi asiyemjua mtu. Mimi barua yangu ya kuomba ruhusa ilikaa mezani kwa mtu miezi 3, alipohama kitengo nikaanza upya. Angalia ule utafiti maarufu wa kufanyia kazi nyumbani, wa kina Nicholas Bloom, kituo cha simu cha Ctrip, kampuni ya safari huko China: waliojitolea wakagawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa, wenye tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku 4 kati ya 5, miezi 9, utendaji ukapanda asilimia 13. Safi sana. Ila mmoja wa waandishi, James Liang, ndiye mwanzilishi mwenza wa hiyo kampuni na alikuwa anasoma PhD Stanford. Sisi tungepata wapi mwanafunzi mwenzetu wa hivyo?

Ukikosa data ya kampuni unarudi kwenye dodoso, na hapo mfanyakazi anajijazia mwenyewe kama ana furaha na kama anafanya kazi vizuri, dakika zilezile, huku anawaza bosi ataiona. Kila kitu kinahusiana na kila kitu. Unafurahia p ndogo, ukidhani uhusiano ni wa kweli, kumbe umepima hali ya mtu siku hiyo.

Karani_wa_Bajeti
Naona ufadhili wa elimu haujaguswa. Data ya nchi nyingi ipo bure, taasisi ya takwimu ya UNESCO, OECD, na kuna kipimo cha kuanzia, azimio la Incheon la 2015 lilitaka nchi zitumie walau asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa kwenye elimu au 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Lakini usiishie hapo, kupanga nchi kwenye jedwali sio utafiti.

Mtego wake ni huu: hela mara nyingi inapelekwa palipo na shida. Ukilinganisha kienyeji utakuta shule iliyopewa nyingi ndiyo inayofeli, na utaandika kwa kujiamini kwamba hela inaharibu shule. Ugomvi huu ni wa zamani, ripoti ya Coleman kule Marekani 1966 ilionyesha nyumbani kwa mtoto kuna uzito kuliko vifaa vya shule, watu wakabishana miaka na miaka. 2016 Jackson, Johnson na Persico wakaja na njia nyingine, wakatumia amri za mahakama zilizolazimisha mgao wa fedha za shule ubadilike, yaani ongezeko ambalo shule haikulisababisha yenyewe. Wakakuta nyongeza ya asilimia 10 kwa mwanafunzi kwa miaka yote 12 inaendana na mshahara mkubwa kwa kama asilimia 7 ukubwani.

Kwa hiyo wewe tafuta mahali sheria ilibadilika ghafla. Ada ya chuo Uingereza ilikuwa ukomo wa pauni 3,000 toka 2006, 2012 ikapanda mpaka 9,000, na Scotland hawakuwatoza hivyo wanafunzi wao. Kabla na baada, waliopandishiwa na wasiopandishiwa. Hiyo ni regresheni ya kawaida yenye neno moja la ziada la kuzidisha (baada ya 2012 mara kundi lililopandishiwa), unaiweza.

Njiapanda22
Aisee @Karani_wa_Bajeti umenigusa. Nilikuwa nawaza pia kuchanganya, yaani kompyuta na wafanyakazi, programu ya kupanga zamu za hoteli, nakuwa nimegusa na utalii humohumo.

ZamuYaUsiku
Kupanga zamu ni tatizo zuri, hesabu za kina Erlang za foleni za simu ni za 1917 na mpaka leo vituo vya simu vinazitumia. Ila zamu za hoteli ipi? Data nani kakupa? Umerudi kwenye mlango wangu uleule.

Fundi_Kodi
Na nani ataisimamia? Wa kompyuta atasema utalii umezidi, wa utalii atasema haelewi algorithimu. Nimeona mtu kazungushwa hivyo mwaka mzima.

Njiapanda22
Basi nimeshusha faili za wanafunzi walioomba vyuo vya Uingereza kabla na baada ya 2012, zimefunguka, safu zinasomeka. Nimemtumia msimamizi kichwa cha habari usiku huu. Kajibu kwa mstari mmoja: "2012 ni mwaka wa kuomba au wa kuanza masomo?"

Karani_wa_Bajeti
Huyo msimamizi mshike. Na ni swali la kweli, kuna walioharakisha kuanza 2011 ili wakwepe ada mpya. Ukiwaacha humo bila kuwatenga, kabla na baada yako zimeshachanganyika.